Mshtuko au Shoki? Uhakiki wa Istilahi za Peptidi za Mishipa ya Damu katika Maelezo ya Kupoteza Damu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki neno "mshtuko" kama istilahi ya hali inayomkuta mtu aliyepoteza damu nyingi, pale mzunguko wa damu unaposhindwa kutosheleza viungo vya mwili. Uhakiki umejengwa juu ya kazi ya peptidi zinazotenda kwenye mishipa ya damu, hususan vasopresini, anjiotensini na endothelini. Peptidi hizo huuwezesha mwili kuificha hasara kwa muda, kiasi kwamba shinikizo la damu hubaki karibu na kawaida huku viungo vikianza kunyimwa damu. Makala yanahoji kuwa "mshtuko" na misemo inayouzunguka, kama vile "presha kushuka" na "homoni ya kupandisha presha", humwelekeza msomaji mbali na hatua hiyo ya maficho, ambayo ndiyo hatua ya kuokoa maisha. Inapendekezwa istilahi "shoki", iambatane na fasili ya lazima na mgawanyo wa hatua mbili.

1. Utangulizi

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitaka Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga mwaka 2022, jukumu hilo limepata uzito mpya katika sekta ya afya. Muuguzi aliyesomea Bukavu kwa Kifaransa na mwenzake aliyesomea Kigoma kwa Kiingereza wanaweza kuzungumza juu ya mgonjwa mmoja kwa Kiswahili bila mkalimani. Hata hivyo, mazungumzo yao yakifika kwenye istilahi, kila mmoja hurudi katika lugha aliyosomea, au hushika neno la Kiswahili ambalo mwenzake analielewa kwa namna nyingine.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya wanawake wazazi katika ukanda huu. Ajali za barabarani nazo huleta hospitalini watu wanaovuja damu nje na ndani ya mwili. Katika hali zote mbili, muda kati ya kuanza kwa hasara na kutambuliwa kwake ndio huamua matokeo mara nyingi. Neno linalochelewesha utambuzi kwa hiyo lina gharama inayozidi ile ya kosa la sarufi.

Kinachochunguzwa hapa ni mtandao wa maneno unaotumika pale hali hii inapoelezwa kwa Kiswahili. Swali ni moja: je, maneno hayo yanamsaidia mkunga, muuguzi na mtunga sera kuona kinachotendeka mwilini?

2. Neno lililoanza na kosa

Udhaifu wa neno hili haukuanzia katika Kiswahili. Mwaka 1743 kitabu cha daktari mpasuaji Mfaransa, Henri-François Le Dran, kuhusu majeraha ya risasi kilitoka kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo hutajwa katika historia ya tiba kuwa mlango ambao neno la kishindo na mgongano liliingilia katika lugha ya upasuaji. Neno hilo lilibeba picha ya pigo la ghafla, na picha hiyo ikaelekeza fikra za watafiti kwa muda mrefu.

Mwaka 1899 George Crile wa Marekani alichapisha majaribio yake kuhusu hali hii baada ya upasuaji, akaieleza kuwa uchovu wa vituo vya neva vinavyoongoza mishipa ya damu. Walter Cannon, aliyewahudumia majeruhi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alichapisha kitabu mwaka 1923 ambamo alitilia mkazo sumu zinazotoka katika tishu zilizojeruhiwa. Ilikuwa mwaka 1930 ambapo Alfred Blalock alionyesha kwa vipimo kwamba damu na majimaji yanayopotea katika kiungo kilichojeruhiwa yanatosha kueleza kushuka kwa shinikizo. Jambo lililoonekana kuwa pigo la neva likarudishwa kwenye ujazo wa damu inayozunguka.

Historia hii haithibitishi kwamba neno peke yake liliwapotosha watafiti. Inaonyesha, hata hivyo, kwamba jina linalotaja hisia au pigo halikuwasaidia kutazama ujazo. Kiswahili kilipolitafsiri jina hilo sisisi kuwa "mshtuko", kilirithi picha ileile, tena kikaizidisha nguvu, kama itakavyoonekana.

3. Kazi ya peptidi: mwili unavyoficha hasara

Mtu mzima ana damu inayokadiriwa kuwa mililita 70 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 basi ana lita 4.2 hivi. Katika uainishaji unaotumika kufundishia huduma ya majeruhi, daraja la kwanza ni kupoteza hadi asilimia 15, yaani mililita 630 kwa mtu huyo. Daraja la pili hufika asilimia 30, karibu mililita 1,260. Kwa kawaida shinikizo la juu la damu huanza kushuka waziwazi baada ya kuvuka kiwango hicho. Kabla ya hapo, mapigo ya moyo huongezeka na ngozi hupoa, lakini namba ya shinikizo inaweza kuonekana salama.

Kinachoizuia namba hiyo isianguke ni kazi ya pamoja ya neva na homoni. Vihisio vilivyo katika ateri kubwa za kifua na shingo hutambua upungufu, na katika sekunde chache neva pamoja na adrenalini huharakisha moyo na kubana mishipa ya damu. Baada yake hufuata peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, ambazo hudumisha ubanaji huo.

Ya kwanza ni anjiotensini ya pili. Figo zikipata damu kidogo hutoa renini, kimeng'enya kilichogunduliwa Stockholm na Robert Tigerstedt na Per Bergman mwaka 1898. Renini hukata protini inayotoka kwenye ini na kutoa anjiotensini ya kwanza yenye asidi amino 10. Kimeng'enya kingine, kilicho kwa wingi katika mapafu, huipunguza hadi 8. Peptidi hiyo ya mwisho hubana mishipa ya damu, huzuia chumvi isipotee na huchochea kiu.

Ya pili ni vasopresini, yenye asidi amino 9, ambayo hutengenezwa katika haipothalamasi na kumwagwa kutoka sehemu ya nyuma ya tezi pituitari. Katika mishipa ya damu hubana, na katika figo huzuia maji yasitoke. Ndiyo maana ina majina mawili, moja la mishipa na jingine la mkojo, ingawa molekuli ni moja. Ya tatu ni endothelini, yenye asidi amino 21, iliyotangazwa na watafiti wa Japani mwaka 1988. Hutolewa na utando wa ndani wa mishipa yenyewe, na hutenda zaidi pale pale inapotolewa.

Ubanaji huu una mgao usio sawa. Ngozi, misuli, utumbo na figo hupunguziwa damu ili ubongo na moyo viendelee kupata. Dalili za hatua hii hutokana na mgao huo: ngozi ya baridi, jasho, kiu, mkojo kidogo, mapigo ya haraka. Mgonjwa anaweza kujibu maswali vizuri. Kipimo cha shinikizo kinaweza kusoma 110 kwa namba ya juu. Lakini ikiwa mapigo ni 120 kwa dakika, uwiano wa mapigo kwa shinikizo hilo ni 1.09, wakati katika uzazi 0.9 huchukuliwa kuwa kiwango cha kuamsha tahadhari.

Hali ikiendelea bila damu kuzuiwa na kurejeshwa, fidia hushindwa. Akiba ya vasopresini hupungua, asidi huongezeka katika tishu, na misuli ya mishipa ya damu huacha kuitikia hata homoni inayofika. Shinikizo likianguka wakati huo, tukio hilo huwa limechelewa sana katika mfuatano, wala haliwezi kuhesabiwa kuwa mwanzo wa tatizo.

4. Uhakiki wa maneno matatu

4.1 "Mshtuko"

Katika Kiswahili cha kila siku, aliyeshtuka ni mtu aliyeguswa na jambo la ghafla: huruka, hukodoa macho, moyo humwenda mbio kwa hofu, kisha hutulia. Kitenzi hiki kina maana ya tukio fupi lenye chanzo cha nje na mwisho wa karibu. Hali inayojadiliwa hapa hujengeka kwa dakika au saa, na anayeelekea kubaya huzidi kunyamaza. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, mama aliyelala kimya baada ya kujifungua ametulia, na aliyetulia ni kinyume cha aliyeshtuka. Methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkubwa inaikaribia hali hiyo kuliko istilahi iliyopo.

Kuongeza maelezo hakuliondoi tatizo. Kiunganishi cha "-a" katika "mshtuko wa kupoteza damu" husomeka kwa mfano wa "mshtuko wa kufiwa", yaani fadhaa iliyoletwa na tukio. Msomaji anaweza kuelewa kwamba mgonjwa ameogopa baada ya kuona damu yake. Aidha, "mshtuko wa moyo" umekwisha kushika nafasi ya ugonjwa mwingine, kuziba kwa ateri za moyo, ambao tiba yake ni tofauti kabisa. Neno moja linabeba hofu, moyo na mzunguko wa damu.

Neno "mishipa" huongeza utata. Mshipa katika Kiswahili waweza kuwa wa damu au wa fahamu, na katika matumizi mengine hutaja hata ngiri. Maelezo yanayosema kwamba "mshtuko huathiri mishipa" yanaweza kumrudisha msomaji kwenye nadharia ya neva ya mwaka 1899. Kutaja "mishipa ya damu" kwa ukamilifu kila mara ni gharama ndogo kwa usahihi unaopatikana.

4.2 "Presha kushuka"

Msemo huu una sifa ya kueleweka na watu wengi, na katika hatua ya mwisho ni wa kweli. Kasoro yake ni kuifanya dalili ya mwisho kuwa jina la hali nzima. Mwongozo unaomtaka mkunga atoe rufaa presha ikishuka unamwagiza, bila kukusudia, asubiri mpaka peptidi zishindwe. Kwa mwanamke mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ujazo wa damu yake umeongezeka wakati wa mimba, na anaweza kupoteza kiasi kikubwa kabla ya namba kubadilika.

Ushahidi wa kupima damu yenyewe, badala ya kuingoja presha, upo katika ukanda huu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha wanawake zaidi ya 200,000. Damu ilikusanywa katika mfuko wenye alama za vipimo, na matibabu yakatolewa kwa pamoja mara kiwango kilipofikiwa. Matokeo mabaya yaliyopimwa kwa pamoja, yaani kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu au kifo kutokana nayo, yalikuwa asilimia 1.6 katika hospitali hizo na asilimia 4.3 katika zile zilizoendelea na huduma ya kawaida. Ufanisi huo ulitegemea kuiona hasara mapema. Istilahi nayo inapaswa kufanya kazi hiyohiyo.

4.3 "Homoni ya kupandisha presha"

Maelezo haya ya vasopresini yana makosa mawili. La kwanza ni la kijamii: "ana presha" katika mazungumzo maana yake ni kuwa na maradhi ya shinikizo la juu, hivyo homoni ya kupandisha presha husikika kama kisababishi cha ugonjwa. La pili ni la kisayansi: kwa anayevuja damu, homoni hii hulizuia shinikizo lisianguke. Kitenzi "kushikilia" kinafaa zaidi kuliko "kupandisha".

Kuiita "homoni ya kubana" hakutoshi pia, kwa sababu oksitosini hustahili jina hilo kwa upande mwingine. Oksitosini ina asidi amino 9 kama vasopresini, na peptidi hizo mbili hutofautiana kwa asidi amino 2 tu. Vincent du Vigneaud, aliyeunda oksitosini maabara, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Oksitosini hubana mji wa mimba na kwa njia hiyo huzuia damu isitoke. Ikidungwa kwa kasi kwenye vena, hata hivyo, hulegeza mishipa ya damu na kushusha shinikizo, jambo la hatari kwa mama ambaye tayari amepungukiwa damu. Jina linaloeleza tendo bila kutaja kiungo linaziweka pamoja dawa ambazo, kwenye mishipa ya damu, zaweza kutenda kinyume.

Kuna pia suala la matumaini ya tiba. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la AVERT la Marekani, lililowahusisha majeruhi 100 waliovuja damu. Waliopewa kiasi kidogo cha vasopresini walihitaji mazao machache ya damu, lakini hapakuonekana tofauti katika vifo. Maelezo ya Kiswahili yakiiita peptidi hii "dawa ya mshtuko", yatakuwa yamedai zaidi ya ushahidi. Kuzuia damu isitoke na kuirejesha iliyopotea ndiyo tiba ya msingi.

5. Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba "mshtuko" limekwisha kuzoeleka, na kukubalika ni mojawapo ya vigezo tisa vya PEGITOSCA vinavyotumiwa na wanaistilahi. Ni kweli. Lakini vigezo hivyo vinajumuisha pia usahihi na uangavu. Uangavu wa "mshtuko" ni wa uongo: neno linaeleweka mara moja, na linaeleweka vibaya. Istilahi isiyoeleweka humlazimisha msomaji kuuliza. Iliyoeleweka vibaya humwacha aendelee akiwa na uhakika.

Pingamizi la pili linasema kwamba Kiingereza chenyewe kina utata huu, na wataalamu wake wanafanya kazi bila tabu. Jibu ni kwamba mtaalamu huyo hutenganisha maana mbili kwa miaka ya mafunzo. Mhudumu wa afya wa jamii mwenye mafunzo ya wiki chache hana nafasi hiyo, naye ndiye msomaji mkuu wa maandishi ya Kiswahili yanayolengwa na sera.

Pingamizi la tatu hupendelea maelezo ya Kibantu kamili, kwa mfano "upungufu wa mzunguko wa damu". Kwa fasili, maelezo hayo ni mazuri. Kwa jina, yana hatari ya kufupishwa kuwa "upungufu wa damu", ambalo ni jina lililozoeleka la anemia. Mgonjwa wa anemia na anayevuja damu hawapaswi kupangwa katika foleni moja kwa sababu ya kifupisho.

6. Pendekezo

Kwanza, istilahi ya kitaalamu iwe "shoki". Umbo hili lina faida ambayo haijatumiwa vya kutosha: matamshi ya Kiingereza na ya Kifaransa yanakutana karibu mahali pamoja, hivyo muuguzi wa Bukavu na wa Kigoma watalitambua bila mmoja kuonekana amemfuata mwingine. Neno lisiachwe bila fasili. Fasili ya lazima iwe: hali ambayo damu inayozunguka haitoshelezi mahitaji ya viungo, iwe shinikizo limeshuka au halijashuka. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo yenye thamani kubwa.

Pili, hatua mbili zipewe majina: "shoki iliyofidiwa" na "shoki iliyoshinda fidia". Majina hayo yataipa nafasi katika fomu na miongozo ile hatua ambayo peptidi zinaificha.

Tatu, peptidi zibaki na majina yaliyotoholewa, yaani vasopresini, anjiotensini, endothelini na oksitosini, na maelezo ya kazi yataje kiungo kinachotendewa. Maandishi ya umma yaepuke istilahi kabisa na kutaja ishara: ngozi baridi, jasho, kiu, mapigo ya haraka, kunyamaza kusiko kwa kawaida.

Juu ya namna ya kukubaliana, historia ya peptidi hizi ina mfano ulio wazi. Kufikia mwaka 1940 kundi la Eduardo Braun-Menéndez huko Buenos Aires na la Irvine Page huko Indianapolis yalikuwa yamegundua dutu ileile kwa kutengana, na kila kundi likaipa jina lake: hipatensini na anjiotonini. Majina yote mawili yalitumika sambamba hadi mwaka 1958, wakuu hao walipokubaliana kuunganisha nusu ya jina moja na nusu ya jingine. Hivyo ndivyo anjiotensini ilivyopata jina. Mabaraza ya lugha ya nchi za ukanda huu, chini ya uratibu wa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, yanaweza kufuata njia hiyo, mradi wakunga na wauguzi wawepo mezani tangu mwanzo.

7. Hitimisho

Peptidi za mishipa ya damu humpa anayevuja damu muda. Katika muda huo mwili hulipa kwa figo, utumbo na ngozi ili ubongo na moyo viendelee, na kipimo cha presha hakionyeshi malipo hayo. Maneno "mshtuko" na "presha kushuka" yanaelekeza macho kwenye hofu na kwenye anguko, yaani kabla na baada ya muda huo. Istilahi inayotaja damu isiyotosheleza viungo, na inayoipa jina hatua ya fidia, inaliweka jicho la mhudumu mahali ambapo bado kuna la kufanya.